Ijue Pumu: Jinsi ya Kuitambua na Kuituliza kwa Wakubwa na Watoto



Mwezi wa Mei, mizani inapotolewa na ununuzi wa pamba kuanza, kila katibu hushughulika na mambo anayoyajua vema: daftari la kupimia, stakabadhi, magunia na fedha za malipo. Liko jambo jingine ambalo aghalabu halimo katika orodha yake, nalo ni pumzi ya watu watakaofanya kazi katika vumbi la ghala. Katika vyama vyetu vya Serengeti na Tarime, kuanzia Ringwani mpaka milima ya kahawa, si ajabu kumkuta mpimaji au mchukuzi ambaye kila msimu hubanwa kifua, akaketi pembeni ameshika magoti, wenzake wakingoja apate nafuu. Si ajabu pia kusikia kwamba mama fulani hakufika mkutanoni kwa kuwa amekesha na mtoto asiyeweza kulala chali. Wengine kati ya hawa hawajapata kuambiwa jina la maradhi yao. Wengine wameambiwa, lakini hutibiwa siku ya taabu tu, kisha huachwa mpaka siku ya taabu nyingine.

Makala haya yanakusudia kueleza pumu ni nini, hutambuliwaje, hutulizwaje, na chama cha ushirika kina wajibu gani. Mwandishi ni mkaguzi wa vyama, wala si tabibu. Kwa hiyo yaliyomo humu yamsaidie msomaji kufika kwa tabibu mapema na kumweleza vizuri, yasichukue nafasi yake. Neno kubwa la kushika ni moja: pumu ipo hata siku ambayo mgonjwa anapumua vizuri, na matunzo ya siku hizo za utulivu ndiyo yanayopunguza hatari ya shambulio kubwa.

PUMU NI NINI

Hewa tunayovuta hupita kooni, ikaingia katika bomba kubwa, kisha ikagawanyika katika mirija inayozidi kuwa myembamba mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba na ni nyepesi kuudhika. Inapoguswa na moshi, vumbi, mafua au baridi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayoizunguka mirija hukaza, uvimbe huongezeka, na ute mzito hujaa ndani. Njia ya hewa huwa nyembamba, na kwa sababu hiyo pumzi hutoka kwa shida ikitoa mlio kama wa filimbi.

Shambulio linapopita, misuli hulegea na mlio hukoma. Uvimbe, hata hivyo, hubaki. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, wakadhani ugonjwa umekwisha. Mfano wake ni chama ambacho hesabu zake hutazamwa siku ya ukaguzi tu: upotevu hauanzi siku mkaguzi alipougundua, bali ulikuwapo kila siku ambayo daftari halikuandikwa.

Pumu haiambukizi. Haipatikani kwa kunywea kikombe kimoja, wala kwa kulala chumba kimoja, wala si laana. Mara nyingi hufuata ukoo. Mtoto ambaye mzazi wake ana pumu, au ambaye yeye mwenyewe ana ukurutu wa ngozi au mafua ya mzio yasiyokwisha, huwa karibu zaidi kuipata. Yaweza kuanza utotoni, na yaweza kumwanza mtu mzima wa miaka 40 au 50 ambaye hakuwa nayo kamwe.

Wala si ugonjwa wa mjini peke yake. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Kenya, ambako watoto wa shule wa Nairobi na wa wilaya ya Murang'a walikimbizwa kisha pumzi zao zikapimwa. Vifua vilibana kwa watoto wapatao 23 katika kila 100 mjini, na wapatao 13 katika kila 100 kijijini. Kubana huko baada ya mbio ni alama moja ya pumu, ingawa si kila aliyebanwa ana ugonjwa kamili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, mahali ambapo dawa ipo lakini haimfikii mgonjwa, au humfikia ile isiyotosha.

VICHOCHEZI VYA NYUMBANI, SHAMBANI NA GHALANI

Yapasa kila mgonjwa avijue vichochezi vyake, kwani havifanani kwa watu wote. Nyumbani kwetu cha kwanza ni moshi wa kuni. Mafiga yakiwa ndani ya nyumba isiyo na tundu la kutolea moshi, mama na mtoto aliye mgongoni huvuta moshi huo kila siku. Wengine huchochewa na vumbi la matandiko, mende, manyoya ya wanyama au ukungu wa kuta zenye unyevu. Mafua ya kawaida ndiyo humwangusha mtoto mara nyingi. Baridi ya alfajiri, mbio, kicheko kikubwa au kilio chaweza pia kubana kifua.

Baadhi ya dawa zina hatari. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za jamii yake huwaletea baadhi ya wagonjwa shambulio kali. Propranololi, ambayo hutolewa kwa magonjwa ya moyo na shinikizo la damu, yaweza kuifunga mirija. Kwa hiyo mwenye pumu aseme ana pumu kila anapoandikiwa au kununua dawa yoyote.

Shambani kuna moshi wa kuchoma majani, vumbi la kupura mtama na ulezi, na chavua za majira ya maua. Kwa wakulima wa tumbaku kuna moshi wa mabani na vumbi la majani makavu wakati wa kuchambua. Ghalani kuna nyuzi za pamba, vumbi la magunia, mahindi yaliyoota ukungu, na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka.

Kwa wenzetu wa kahawa, somo liko hapa hapa nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na wenzao wa Bergen, Norway, waliwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya kukoboa kahawa mkoani Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliofanya kazi katika vumbi la kahawa walikuwa na dalili za kifua zaidi kuliko wafanyakazi wa mahali pengine waliolinganishwa nao. Vumbi la mazao yetu wenyewe, basi, si kitu cha kudharau.

JINSI PUMU INAVYOTAMBULIWA KWA MTU MZIMA

Dalili kuu ni nne: kukohoa, mlio wa filimbi kifuani, kubanwa kifua, na kukosa pumzi. Kila moja peke yake yaweza kuwa ya ugonjwa mwingine. Kinachomwelekeza tabibu kwenye pumu ni mwenendo wake. Dalili huja na kuondoka. Huzidi usiku na alfajiri. Huletwa na kichochezi kinachojulikana. Na hupungua mtu akiwa mbali nacho au akitumia dawa ya kufungua mirija.

Katika chama kimoja nilichowahi kukikagua, katibu alilalamika kwamba mpimaji wake ni mvivu. Tulipofungua daftari la mahudhurio la miaka mitatu, tukaona kwamba mtu huyo hakukosa kazi hata siku moja kuanzia Oktoba hadi Aprili. Siku alizokosa zote zilikuwa katika majuma ya ununuzi, na Jumapili, ghala likifungwa, alionekana kanisani akiimba. Daftari lilikuwa limeandika dalili za ugonjwa pasipo mtu kuzisoma. Alipelekwa hospitali, akapimwa, akakutwa na pumu inayochochewa na vumbi la kazi. Msimu uliofuata alikaa meza ya stakabadhi, nje chini ya kivuli, naye alikuwa akitumia dawa yake kila siku. Uvivu haukuonekana tena.

Kwa hiyo, mtu mzima ambaye kifua kimeanza kumsumbua ajiulize: Je, napata nafuu siku nisizokwenda kazini? Jibu likiwa ndiyo, amwambie tabibu habari hiyo kabla ya nyingine zote.

Tabibu akiwa na kifaa, ataipima pumzi. Kiko kipimo kidogo cha mkononi ambacho mgonjwa hukipuliza kwa nguvu zake zote, nacho huonyesha kasi ya hewa kwa lita kwa dakika. Mgonjwa hupuliza, hupewa dawa ya kufungua mirija, hungoja kama dakika 15, kisha hupuliza tena. Tuseme mara ya kwanza alipata 300 na mara ya pili 390. Ameongeza 90, yaani asilimia 30. Ongezeko la asilimia 20 au zaidi katika kipimo hiki huelekeza sana kwenye pumu. Njia nyingine ni kupuliza asubuhi na jioni kwa majuma mawili na kuandika kila namba. Namba zinazopanda na kushuka sana kati ya asubuhi na jioni ni ushahidi kwamba mirija inafunga na kufunguka. Hospitali kubwa zina mashine inayopima kiasi cha pumzi kwa usahihi zaidi. Mgonjwa asishangae akipimwa siku njema na kuonekana hana kitu. Pumu hujificha, na kipimo chaweza kurudiwa siku ya dalili.

KWA WATOTO

Mtoto wa chini ya miaka 5 hawezi kukipuliza kifaa ipasavyo. Isitoshe, watoto wadogo wengi hutoa mlio kifuani wapatapo mafua, na wengi wao huacha kadiri wanavyokua. Tabibu basi hutegemea maelezo ya mzazi. Mzazi na aeleze mambo haya: Je, mtoto hukohoa usiku hata wakati hana mafua? Je, hukohoa au kutoa mlio anapokimbia, kucheka au kulia? Je, mafua yake huchukua zaidi ya siku kumi kifuani? Je, ana ukurutu, au yuko mtu wa ukoo mwenye pumu? Je, amekwisha kutibiwa nimonia mara nyingi katika mwaka mmoja? Mtoto anayedaiwa kuwa na nimonia kila baada ya mwezi yafaa achunguzwe upya. Mara nyingine tabibu huanzisha dawa kwa miezi miwili au mitatu na kuangalia. Nafuu inayokuja kwa dawa na kutoweka inapoachwa ni dalili yenye nguvu.

Hata hivyo nimonia ipo, nayo huua haraka. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, akiwa ametulia wala halii, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto aliyebanwa ghafula wakati akila karanga au akichezea mbegu huenda amepaliwa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kungoja.

MARADHI YANAYOFANANA NA PUMU

Mtu yeyote anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi apimwe kifua kikuu, ambacho kupimwa na kutibiwa kwake nchini mwetu ni bure. Hili ni la lazima zaidi kwa aliyewahi kuchimba dhahabu, kwa maana vumbi la mawe huharibu mapafu na kukikaribisha kifua kikuu. Kukohoa damu, kukonda na kutokwa jasho usiku si mwenendo wa pumu. Wavutaji wa sigara na kina mama waliopika kwa moshi miaka mingi huweza kupata ugonjwa wa mapafu ambao kubanwa kwake hakuondoki kabisa hata kwa dawa. Mwenye miguu iliyovimba na asiyeweza kulala bila kuinua kichwa huenda moyo wake ndio mgonjwa.

Sina budi kutaja hapa desturi ya kukata kimeo. Mtoto akikohoa usiku kwa muda mrefu, wako wanaosema kimeo kimerefuka na kinamkereketa, na hupelekwa kwa mtu wa kukikata. Kimeo ni kinyama cha kooni. Hakiishikilii mirija ya mapafuni wala kukikata hakuondoi uvimbe ulio ndani ya kifua. Kinachopatikana ni kutokwa damu, kidonda kinachooza, na magonjwa yanayobebwa na wembe uliotumika kwa wengi, hata mtoto akaweza kufa. Kikohozi hurudi, kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa. Mzee anayeheshimiwa kijijini akilisema neno hili, litasikilizwa kuliko likisemwa na mgeni.

DAWA ZA AINA MBILI

Dawa za pumu ni nyingi, lakini msomaji akijua aina mbili amejua jambo kubwa.

Ya kwanza ni dawa ya kufungua. Inayojulikana sana ni salbutamoli ya kuvuta, ambayo kichupa chake wengi hukiita inhela. Huilegeza misuli katika dakika chache, na nguvu yake hudumu saa nne hivi hadi sita. Haiuponyi uvimbe. Vidonge vya salbutamoli na vya aminofilini vipo, lakini hupita tumboni na katika damu yote. Hivyo hufanya kazi polepole na kuutetemesha mwili na moyo zaidi kuliko dawa ivutwayo, ambayo hufika mahali penyewe kwa kipimo kidogo.

Ya pili ni dawa ya kuzuia. Hizi ni kama beklometasoni na budesonidi za kuvuta. Hupunguza uvimbe siku kwa siku. Hazileti nafuu ya papo hapo, na ndiyo sababu watu huziacha wakisema hazifanyi kazi. Mtu asiyeona shambulio kwa miezi mitatu kwa sababu anatumia dawa ya kuzuia hana haki ya kusema haina kazi, kama vile mkulima asiyeibiwa hana haki ya kumwachisha mlinzi.

Dawa hizi si za majaribio. Salbutamoli ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, na beklometasoni ya kuvuta mwaka 1972. Kilichobadilika ni namna ya kuzitumia. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, uliacha kushauri kwamba mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Sababu ni kwamba mwenye kutegemea salbutamoli tu hupata nafuu ya haraka huku uvimbe ukizidi chini yake, na wanaoitumia kwa wingi namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa wengine tabibu huandika kichupa kimoja chenye budesonidi na formoteroli, ambacho hufungua na kuzuia kwa pamoja. Pasipo na kichupa hicho, yuko atakayeagizwa avute dawa ya kuzuia kila avutapo salbutamoli. Mgonjwa mwenye salbutamoli tu amwulize tabibu swali hili: dawa yangu ya kuzuia ni ipi?

Yako maneno kwamba mtu akianza kuvuta dawa atazoea na hataiacha, au kwamba inhela ni ya mtu aliye karibu kufa. Maneno haya yanaua. Hakuna uraibu katika dawa hizi. Mama mjamzito naye asiache dawa zake, maana mama akikosa hewa mtoto aliye tumboni hukosa pia.

JINSI YA KUVUTA

Dawa nyingi hupotea kwa kuvutwa vibaya. Tikisa kichupa. Toa pumzi nje taratibu. Weka mdomo wa kichupa kati ya meno na ufunge midomo. Anza kuvuta ndani polepole, na papo hapo bonyeza mara moja, ukiendelea kuvuta mpaka mwisho. Zuia pumzi kwa kuhesabu hadi kumi. Ngoja kama nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Baada ya dawa ya kuzuia, sukutua kwa maji na uteme, ili mdomo usiote utando mweupe.

Watoto, wazee na mtu aliyebanwa hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Hao hutumia chombo cha kati kinachoipokea dawa kwanza. Pasipo chombo cha dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita yafaa. Watafiti wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto waliopatwa na shambulio walifunguka kwa chupa hiyo sawasawa na kwa chombo cha kiwandani. Toboa tundu kwenye kitako cha chupa kwa kipimo cha mdomo wa kichupa, ukichomeke kiingie kwa kubana, pasibaki upenyo. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ijikaushe bila kuifuta kwa kitambaa, ili dawa isigande kwenye kuta zake. Mtoto huweka midomo kwenye shingo ya chupa. Mzazi hubonyeza mara moja. Mtoto hupumua ndani na nje mara tano au sita. Kisha ndipo mpulizo mwingine. Tabibu na aione chupa hiyo kabla haijaanza kutumika.

DAFTARI LA MGONJWA

Kila mgonjwa awe na daftari dogo. Kila mwisho wa mwezi ajiulize maswali manne kuhusu majuma manne yaliyopita:

1. Je, nimepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa juma?
2. Je, pumu imeniamsha usiku hata mara moja?
3. Je, nimehitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa juma?
4. Je, pumu imenizuia kufanya kazi au mambo yangu ya kawaida?

Majibu yote yakiwa hapana, pumu imetulia. Ndiyo moja au mbili zaonyesha imetulia nusu. Ndiyo tatu au nne ni onyo: arudi kwa tabibu hata kama leo anapumua vizuri.

Ahesabu pia dawa. Vichupa vingi vina mipulizo 200. Idadi imeandikwa juu yake. Aliyeagizwa kuvuta dawa ya kuzuia mara mbili asubuhi na mara mbili jioni hutumia mipulizo 4 kwa siku, kwa hiyo kichupa humfikisha siku 50. Aandike tarehe ya kukianza na tarehe ya kukiisha. Mkulima hulipwa kwa msimu, bali mapafu huhitaji dawa kila siku. Asiyepanga tarehe hizo siku ya malipo atajikuta mwezi wa Januari hana dawa wala fedha.

SHAMBULIO LINAPOTOKEA

Mketishe mgonjwa wima, ameinama mbele kidogo, usimlaze. Mtoe kwenye vumbi au moshi. Legeza nguo zilizobana. Mpe dawa yake ya kufungua, mpulizo mmoja mmoja kupitia chupa, kuanzia minne hadi kumi. Asipofunguka, anza safari ya hospitali na umpe tena kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza. Akifunguka, bado amwone tabibu siku hiyo au kesho yake, kwani uvimbe wa shambulio huhitaji mara nyingi vidonge vya predinisoloni kwa siku chache, navyo huandikwa na tabibu.

Usingoje hata kidogo ukiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ngozi ya kati ya mbavu na ya shingoni inavutwa ndani, midomo au kucha zimebadilika rangi kuwa bluu au kijivu, amechoka, ana usingizi au amechanganyikiwa, mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au dawa haileti nafuu. Mlio wa filimbi ukitoweka huku mgonjwa akizidi kudhoofika, msishukuru. Maana yake hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti.

WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, ghala. Milango yote ifunguliwe saa ya kazi, na upimaji ufanyike nje penye kivuli kila inapowezekana. Sakafu tupu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, kisha iachwe ikauke kabla mazao hayajaingia. Mwenye pumu asipewe kazi ya kufagia, kupakia wala kuchanganya dawa ya nafaka, apewe kalamu. Kitambaa puani hupunguza vumbi kubwa tu, kwa hiyo kisiwe kisingizio cha kumrudisha vumbini. Sigara ipigwe marufuku ghalani, kwa ajili ya vifua na kwa ajili ya moto.

Pili, usafiri. Halmashauri ya chama ipeleke mbele ya mkutano mkuu pendekezo la fungu dogo la dharura, lenye kiwango, mtia saini na namna ya kurejeshwa, ili usiku wa shambulio pasiwe na mabishano juu ya mafuta ya pikipiki. Fungu lisiloidhinishwa ni hoja ya ukaguzi. Lililoidhinishwa ni akiba ya maisha. Katibu abandike ukutani namba ya zahanati na ya dereva wa karibu, pamoja na njia ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya Mugumu au Tarime, kisha Musoma, na Bugando kule Mwanza.

Tatu, bima. Mwaka 2018 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya ushirika vya wakulima, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Taratibu za kujiunga hubadilika. Katibu aulize ofisi ya Mfuko mkoani kabla ya malipo ya msimu, apate viwango vya sasa, na aulize kwa jina kama dawa ya kuzuia pumu imo.

Nne, elimu. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Chama kinao mkutano tayari. Nusu saa yatosha: maswali manne yasomwe kwa sauti, dalili za hatari zitajwe, na mhudumu wa zahanati aonyeshe jinsi ya kuvuta dawa kwa chupa ya nusu lita.

Ndugu Makatibu, kabla ya mizani kutolewa msimu ujao, fungueni daftari la mahudhurio na mtazame ni nani hukosa kazi majuma ya vumbi. Mwiteni mmoja mmoja, kwa faragha na kwa heshima, mwulizeni habari za kifua chake, na mumpe barua ya kwenda zahanati. Kazi hiyo haina gharama kwa chama isipokuwa karatasi moja.